Maua Huchaguliwa Saa Nane Mchana

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kuliko siku zote za ujana wangu. Ni siku niliyosimamishwa peku juu ya kokoto za moto pale Maganzo, mji wa wachimba almasi, saa nane mchana, na bibi kikongwe aliyekuwa akiuza maji aliyobebesha punda. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nina mke mwenye mimba, na nilidhani kuanzia Shinyanga mpaka Geita hakuna mtu anayejua maua kunishinda.

Lakini kabla sijafika hapo, kaa vizuri kwanza ujue anayezungumza nawe ni nani.

Mimi ndiye mwenye ile bustani ya miche hapa Shinyanga. Shuka stendi, muulize mtu yeyote, hata muuza karanga, atakuonyesha njia kwa kidole. Nina nyingine Kalangalala, kule Geita, anayoisimamia binti yangu mkubwa. Shule niliishia darasa la nne na sioni haya kulisema, maana wenye vyeti vyao wanakuja kwangu na viatu vya kung'aa kuniuliza kwa nini maua yao yamekauka. Juzi tu alikuja mhandisi mmoja, mtu mzima mwenye gari la kiyoyozi, akanisikiliza saa nzima amekunja mikono nyuma kama mwanafunzi. Alipoondoka akasema, “Asante sana, mwalimu.” Mimi, mwalimu! Nilimwacha aseme. Watoto wangu watano wamesoma kwa maua, nyumba ninayolala imejengwa kwa maua, na sijawahi kuokota hata chembe moja ya almasi. Kwa hiyo nikikueleza habari ya mimea na jua, wewe tega sikio tu.

Basi, turudi nyuma, katikati ya miaka ya tisini.

Ujana wangu niliuanzia kwenye dhahabu, kama vijana wengi wa kwetu. Nilikwenda machimbo ya Geita na sururu moja na tamaa nyingi. Siku moja nikiwa chini, duara likabomoka. Duara ndilo lile shimo refu la kuchimbia, mwanangu, usidhani ni mchezo wa watoto. Udongo ulinifika hapa, kifuani, nikawa siwezi hata kukohoa. Wenzangu walinifukua kwa mikono, kucha zao zikitoka damu. Nilipopona, mke wangu Kabula alinishika mkono, akauweka juu ya kichwa cha mama yake mzazi, akaniapisha mbele ya mji mzima kwamba sitashuka tena shimoni. Nikaapa. Kiapo cha namna hiyo kwetu Usukumani hakina njia ya kurudi nyuma.

Nikaenda Chato, kando ya ziwa, nikapata kazi ya kumwagilia maua kwa mwalimu mmoja mstaafu. Huko ndiko nilikoujua mkono wangu. Chato udongo ni mweusi, asubuhi kuna ukungu, kila nyumba ina migomba ya kuweka kivuli. Nilikuwa nikiwatania wenzangu kwamba nikichomeka mpini wa mwavuli ardhini, mwezi ujao tutavuna miavuli. Mawaridi yaliniitikia, begonia ziliniitikia, majani ya kangaga yalining'inia mpaka yakafika sakafuni. Miaka miwili tu, sifa zangu zikanitangulia mpaka nyumbani Shinyanga.

Zilimfikia Mama Nasra.

Mama Nasra alikuwa mfanyabiashara, mwenyeji wa Tabora, Mwislamu mwenye msimamo na sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Alikuwa amejenga nyumba ya wageni pale Maganzo, vyumba kumi, ikiangalia barabara kuu ya Mwanza. Wanunuzi wa almasi walikuwa wakija na kuondoka kila siku, na wote walikosa pa kulala. Mbele ya nyumba kulikuwa na uwanja mpana, mweupe, mtupu. Jua likichomoza linaupata, likizama linauacha. Hapakuwa na mti wala kichaka, na ukuta mpya uliopakwa chokaa ulilitupa lile jua tena pale pale uwanjani.

Aliniita kutoka Chato, nikaja na Kabula, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

“Kijana, wanasema una mkono wa maua.”

“Siyo wanasema, mama. Ninao.”

“Hm! Wenye maneno mengi nimewaona. Nafungua nyumba mwezi wa kumi, nitasomesha maulidi, watakuja watu wa Tabora, wa Mwanza, wa Shinyanga mjini. Nataka mgeni akishuka kwenye basi aone maua kabla hajaona kibao. Umenielewa?”

“Nimekuelewa, mama.”

“Ukinipendezea uwanja huu, lile eneo la nyuma lenye kisima ni lako la kuoteshea miche, sikudai kodi. Ukishindwa, njia ya machimboni unaijua.”

Mwanangu, pale Maganzo kumpa mtu kisima ni kumpa maisha. Niliporudi kwenye chumba tulichopanga nikamwambia Kabula, hatukulala kwa kupanga miche itakaa wapi. Na wote wawili tulijua upande wa pili wa maneno ya yule mama. Nikishindwa, kazi nyingine sikuwa nayo, mtoto alikuwa njiani, na shimo lilikuwa linaningoja pamoja na kile kiapo.

Sasa sikia ujinga wangu.

Sikuuliza mtu. Nilipanda basi mpaka Chato, nikabeba mawaridi, begonia, kangaga, na yale majani mapana ya masikio ya tembo. Nikayafunga kwa magunia yaliyoloweshwa, nikavuka nayo kivuko, nikayapakata siku mbili kama mtoto mgonjwa. Nikiwa njiani, kila kijiji tulichopita niliona minyaa imezunguka maboma ya ng'ombe, mikonge imesimama mipakani, nikaicheka moyoni. Niliona ni vitu vya kijijini. Mimi nilikuwa naleta maua ya ustaarabu.

Nikayapanda uwanjani kwa Mama Nasra. Kisha nikaongeza pambo. Kule Chato mwalimu alizungushia maua yake mawe meupe, chini ya kivuli cha migomba, yakapendeza. Na Maganzo mawe ndiyo usiseme! Kulikuwa na vilima vya kokoto zilizokwisha kuchekechwa, watu wametoa almasi zao wakaacha kokoto, hakuna anayezitaka. Nikachukua toroli, nikazoa safari hata sizijui idadi, nikatandaza uwanja mzima kuzunguka kila shina. Ukitazama asubuhi, uwanja unameremeta. Mama Nasra alitoka, akazunguka, akasema, “Alhamdulillah, hii sasa ni Ulaya.” Nikatembea kifua mbele siku nzima.

Siku ya pili kangaga zilianza kujikunja. Nikasema zina uchovu wa safari. Siku ya tatu zilikuwa tumbaku. Begonia ziliyeyuka, kweli ziliyeyuka, kama mtu amezimwagia chai ya moto. Masikio ya tembo yakaanguka. Mawaridi yalibaki na miiba tu. Nami nikaona dawa ni maji. Kila jua lilipowaka sana mimi nilibeba madumu nikamwaga, saa sita, saa saba, saa nane, nikidhani nayapoza. Mvuke ulikuwa ukipanda kutoka kwenye zile kokoto mpaka naona ukuta unacheza.

Wachimbaji waliokuwa wakipita na chekeche zao begani waliipata burudani.

“Fundi! Hizo nsansa zako zitakauka lini tuje na ugali?”

Nsansa ni majani ya kunde tunayoyaanika juani mpaka yakauke, mboga ya kiangazi ya kila nyumba ya Kisukuma. Walinikata maini.

“Msimcheke,” mwingine akadakia, “huyo kasomea Chato. Huku kwetu yupo mafunzoni.”

Mimi nikainua dumu jingine, nikaendelea kumwaga.

Kiangazi kile kisima cha nyuma kilitosha kupikia tu, kwa hiyo maji ya maua nilikuwa nikiletewa na Bibi Milembe. Huyu alikuwa mama mzee sana, mwembamba, mgongo umenyooka kama wa msichana, na punda wake wawili waliobeba madumu. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akishusha maji, akitazama ninavyomwaga, akitikisa kichwa, akienda zake. Lakini siku hiyo hakwenda. Alifunga punda kwenye nguzo, akaja mpaka katikati ya uwanja.

“Shikamoo, mayu,” nikamwamkia kwa heshima ya kwetu, ile ya kumwita mama.

“Marahaba. Hebu vua viatu.”

“Viatu, mayu?”

“Kandambili hizo. Vua. Simama hapo, kwenye mawe yako.”

Ningemkataliaje? Mzee wa umri ule! Nikavua, nikakanyaga. Mwanangu, nilisimama muda wa kuhesabu moja mpaka tano, nikaruka kama mbuzi. Wapita njia wakaangua kicheko. Yeye hakucheka hata kidogo.

“Rudi.”

“Mayu, yanaunguza!”

“Rudi usimame, nimesema.”

Nikarudi. Nilivumilia kidogo zaidi, machozi yakinilengalenga, kisha nikakimbilia barazani nimeinua unyayo mmoja mkononi. Ndipo akaja akaketi kando yangu.

“Ng'wanawane,” akasema, maana yake mwanangu, “wewe umekimbia kwa sababu una miguu. Yale uliyoyapanda pale yakimbilie wapi?”

Nikageuka kuutazama uwanja.

“Umeyawekea jiko juu, jiko chini, na ukuta mweupe ubavuni. Halafu unaleta maji saa hii. Maji yangu mimi nayafuata mbali, punda wangu wanachoka, wewe unakuja kuyachemshia maua.”

Ubishi wa ujana nao haufi mara moja. Nikamwambia, “Mayu, mimi nimefundishwa na mwalimu. Maua haya ndiyo mazuri.”

“Mwalimu wako anakaa ziwani. Jua la hapa hajawahi kulifundisha.” Akasimama, akajifunga vizuri kanga. “Kesho zunguka hapa mjini na vijiji vya karibu. Usiende asubuhi. Asubuhi kila jani ni zuri, hata lile litakalokufa mchana. Nenda saa nane, jua likiwa hapa utosini limekasirika. Usitafute ua zuri. Tafuta lile ambalo saa hiyo halijainamisha kichwa. Na uangalie limeota wapi.”

Akafungua punda wake, akaondoka. Jioni ile Mama Nasra naye akatoka, akatazama mabaki, akanipa siku zilizobaki: wiki tatu kasoro. “Baada ya hapo,” akasema, “nitaleta mtu mwingine, au nitatandika saruji.” Kabula alikuwa ananikanda nyayo kwa mafuta ya samli huku tumbo likimzuia kuinama. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Kuliona tumbo lile kuliniuma kuliko zile kokoto.

Kesho yake saa nane nilitoka.

Nakuambia ukweli, nilikuwa kama mtu aliyefunguliwa macho kwa mara ya kwanza nyumbani kwao. Nyuma ya choo cha mama lishe mmoja nilikuta mishubiri imekaa juu ya changarawe tupu, majani mazito yamejaa maji yake yenyewe, haimwulizi mtu habari. Kwenye boma la ng'ombe, minyaa ilikuwa kijani vile vile kama saa mbili asubuhi, ile ile niliyoicheka nikiwa kwenye basi. Kwa fundi baiskeli nilikuta beseni lililotoboka, ndani yake mmea wa shina nene lililovimba kama mguu wa tembo, umechanua maua ya rangi ya waridi hata majani hauna ya maana. “Huo nani anaumwagilia?” nikauliza. Fundi akacheka, “Labda mimi nikinawa mikono.” Kando ya kisima kikavu kulikuwa na yale maua madogo yanayotambaa, majani membamba yaliyojaa maji, rangi nyekundu, njano, machungwa. Hayo jua likiwa kali ndiyo yanafunguka, wingu likipita yanafumba. Yaani yanalidai jua!

Lakini mmea ulionishangaza kuliko yote niliukuta kwenye ufa wa ngazi ya saruji. Majani ya kijani yanayong'aa, ua la rangi ya waridi lenye jicho, jingine jeupe, yamechanua saa nane mchana bila aibu. Nikatabasamu, kisha nikaacha kutabasamu, maana nililijua. Unalijua na wewe. Ni lile wanalopanda makaburini.

Nikaketi kivulini nikajiuliza sana. Mwisho nikasema, nimekwisha kuchekwa, sina cha kupoteza.

Nilikwenda pia Shinyanga mjini kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, Mzee Mansukh, kwa sababu nilikumbuka ukuta wa duka lake umefunikwa na bogainvilia upande wa jua. Nikamwomba matawi. Akanipa zaidi ya matawi, makopo saba yaliyokwisha kushika mizizi, kisha akanishika bega.

“Sikia, bwana. Huyu usimpe maji kila siku.”

“Kwa nini, mzee? Si atakufa?”

“Ukimshibisha anakaa tu, anatoa majani, hafanyi kazi. Kama karani wangu. Mwache aone kiu kidogo, utaona maua.”

Karani wake alikuwa pale pale kaunta, akainua macho, akarudisha kichwa kwenye daftari. Tulicheka wote watatu.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuziondoa zile kokoto. Toroli lilikuwa limekwisha kuvunjika. Nilizikusanya kwa jembe, nikazirundika kando ya barabara, nikakaa nimechoka najiuliza nitazibebaje. Bibi Milembe akapita na punda wake, kundi la wachimbaji liko jirani linakunywa uji. Akasimama, akautazama ule mlima wa kokoto, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Sijui hizi zilichekechwa vizuri au mlizipitisha tu.”

Akaenda zake. Mwanangu, kwa watu wa Maganzo hayo ni maneno? Uji uliachwa kwenye vikombe. Mpaka magharibi hapakuwa na kokoto hata moja kando ya ile barabara. Walibeba kwa ndoo, kwa mifuko, mmoja kwa shati lake. Kama walipata kitu sijui. Mimi nilipata uwanja safi bila jasho.

Nikaanza upya, safari hii kwa akili. Nilipanda jioni jua likiwa limelegea. Badala ya mawe nikatandaza pumba za mpunga na nyasi kavu. Kila mche nilioutoa mahali pengine niliuwekea kichanja kidogo cha nyasi juu, siku za kwanza mchana kutwa, kisha nusu siku, kisha nikakiondoa kabisa, ili jua uliloanza kulizoea kule ulikotoka ulizoee na hapa bila kuanguka. Maji alfajiri tu, kwenye shina, na kila baada ya siku chache napunguza. Nyuma mipakani nikaweka minyaa na mikonge, bogainvilia ukutani, mishubiri na yale yanayotambaa katikati. Yale ya ngazini nikayatoa kwenye nyua za watu, siyo makaburini, Mungu apishe mbali, nikayaweka mbele.

Siku ya nne Mama Nasra akarudi kutoka Tabora alikokwenda kualika watu. Nilimsikia kabla sijamwona.

“Nini hiki? Nini hiki mbele ya nyumba yangu?”

“Maua, mama.”

“Maua ya makaburini! Mgeni ashuke kwenye basi asomewe hitma? Ng'oa! Ng'oa yote sasa hivi!”

Nikasema, “Mama, nipe nafasi nikueleze.” Hakunipa. Alikuwa ameinama, ameshika shina la kwanza, wakati Bibi Milembe alipoingia na madumu yake.

“Mama Nasra, hujambo?”

“Shikamoo, bibi. Sijambo, ila huyu kijana wako anataka kunizika.”

“Marahaba. Ngoja nikuulize.” Bibi akashusha dumu chini taratibu. “Marehemu wanapandiwa ua hili kwa nini?”

“Mimi nitajuaje?”

“Kwa sababu hawana mtu wa kuwamwagilia. Limesimama peke yake kiangazi mpaka kiangazi. Wewe hapa maji unayo?”

Mama Nasra akatazama punda, akatazama madumu, akatazama ule uwanja unaowaka. Aliliachia shina. Akajifuta udongo mikononi.

“Sawa,” akasema mwisho. “Lakini usiyapange mstari mrefu. Ukiyapanga mrefu ni kaburi hilo, hata kipofu atajua. Yapange duara.”

Nikayahamisha yote jioni ile ile, nikayapanga duara tatu, meupe ndani, ya rangi ya waridi nje. Na nikuambie, duara zile nimeziuza mpaka leo. Ukiona nyumba ya wageni yenye duara za maua ya namna ile kati ya Shinyanga na Geita, jua zimeanzia kwa Mama Nasra.

Siku ya maulidi ikafika. Mwezi wa kumi, mvua bado, jua la mwaka mzima limejikusanya siku ile moja. Wageni wa Tabora walikuwa wamekwisha kuketi ndani, basi la kutoka Mwanza likasimama kama saa nane hivi. Kabula alikuwa amesimama nami pembeni, tumbo mbele, ameshika ncha ya shati langu.

Watu wakashuka wamekunja nyuso kwa jua. Mawaridi yangu ya Chato yangekuwa yamelala chini saa ile. Haya yalikuwa yamesimama. Bogainvilia zile saba, ambazo nilizinyima maji kwa roho ngumu, zilikuwa zimewaka zambarau ukutani. Yale yanayotambaa yamefunguka yote, kama watu waliokuja harusini kuonyesha nguo. Mama mmoja mnene, shemeji yake Mama Nasra, akasimama katikati ya uwanja na mkoba wake, akashangaa.

“Shemeji! Umenunua maua ya plastiki?”

“Ya plastiki?”

“Jua hili, ua gani litasimama?” Akainama, akafinya jani la shubiri kwa kucha. Utomvu ukamchuruzika kidoleni. Akainua mkono juu, watu wote wakaona.

Mama Nasra alikuwa mlangoni. Hakunisifu, siyo desturi yake. Alinitazama mbele ya wageni wake wote, wa Tabora, wa Mwanza, wa mjini, akapaza ile sauti ya ng'ambo ya barabara:

“Wewe kijana! Ile kamba ya kisima cha nyuma imeoza. Kesho nunua kamba mpya, nisikukute unatumia ile ya zamani kwenye kisima chako.”

Kisima chako. Kabula aliliachia lile shati langu, akakaa chini palepale ardhini, akacheka mpaka akalia. Shimoni sikurudi tena.

Sasa, mwanangu, chukua maneno yangu, nayatoa bure leo ingawa wengine huja na gari kuyafuata. Ukitaka kupanda mahali panapopigwa na jua kutwa, usianze dukani wala kwenye picha. Anza kwa kusimama wewe mwenyewe pale utakapopanda, mchana, uone linaingia saa ngapi na linatoka saa ngapi, na ukuta unalitupa wapi. Kisha tembea jirani saa nane, usione uvivu wa jua, utazame kilichosimama. Chenye jani nene, chenye jani dogo, chenye utomvu, chenye shina lililovimba, hivyo vimejiandalia maji yake. Minyaa na ule wa shina nene vina utomvu mkali, osha mikono, usiguse jicho. Mawe usiweke, weka nyasi kavu au pumba. Maji yape alfajiri, na uyapunguze kadiri mmea unavyoshika, maana ukiudekeza utakuja kukuaibisha siku ya wageni. Mche uliotoka kivulini upe jua kidogo kidogo. Na usikione duni kitu kwa sababu umekikuta kwenye boma la ng'ombe la baba yako. Mimi nilipoteza nauli na nyayo kwa dharau hiyo. Na mtu mzima akikuambia vua viatu, vua kwanza, maswali baadaye.

Nenda sasa. Mungu akupe mkono unaoitikiwa na ardhi, akupe macho ya kuona kilicho mlangoni pako, na kila utakachokiweka udongoni kwa jasho lako kisimame mchana kweupe, watu wakione, wewe uwe hai wa kujivunia. Amina, mwanangu. Wabeja sana, yaani asante, kwa kunisikiliza.